Kuziba Jino Pasipo Umeme



Nilipokuwa na umri wa miaka 11 niling'olewa gego la chini katika hospitali moja ya wilaya. Tundu lenyewe lilikuwa dogo, punje ya ulezi ingetosha kulijaza. Aliyening'oa alikuwa mtu mwema. Alinichoma sindano ya ganzi, akasubiri, akaniuliza kama mdomo umeshakufa, ndipo akashika koleo. Kwenye kona palikuwa na mashine ya kuchonga meno iliyofunikwa shuka. Ilikuwa imeharibika siku nyingi na hapakuwa na fundi. Basi jino ambalo lingenitumikia hadi uzeeni likatupwa ndooni. Tangu siku ile sijaacha kujiuliza yule tabibu alifundishwa nini, hata mashine ilipokufa ujuzi wake ukabaki kung'oa tu.

Nimelichagua swali hilo kwa hotuba yangu ya jioni hii kwa sababu, kwa maoni yangu, shule ya meno inayoendeshwa kwa kodi ya wananchi ipo ili kulijibu.

Mafunzo ya shahada ya udaktari wa meno yalianza katika shule yetu ya meno hapa Muhimbili mwaka 1979, wakati kitivo cha tiba kilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kabla ya hapo, aliyeitaka shahada hiyo alisoma nje ya nchi. Alirudi na ujuzi wa kweli, lakini ujuzi uliozoea kiti cha umeme, maji ya bomba yasiyokatika na vipuri vinavyopatikana dukani. Kuanzisha shule nyumbani kulitupunguzia nauli. Kama fikra zingebaki zilezile, tungekuwa tumehamisha jengo tu.

Hazikubaki zilezile. Wanafunzi wangu, hapa naomba msikilize kwa makini, kwa maana wengi wenu hamkuwa mmezaliwa. Katikati ya miaka ya 1980, Jo Frencken, Mholanzi aliyekuwa akifanya kazi katika shule hii, alishughulika pamoja na wenzake na afya ya kinywa vijijini. Mashine za kubebeka ziliwasumbua. Kung'oa kila jino lililotoboka hakukuwaridhisha. Wakalitazama tundu upya, wakaona kwamba sehemu iliyooza kabisa ni laini, hukwanguliwa kwa kijiko kidogo chenye makali, kwa mkono, bila mashine na mara nyingi bila ganzi. Kisha tundu hujazwa saruji ya meno iliyokorogwa papo hapo na kushindiliwa vizuri.

Wapo waliodhani hiyo ni tiba ya kimaskini, ya kushikilia tu hadi umeme ufike. Sivyo. Jino huoza kwa sababu bakteria wa kwenye utando wa meno hula sukari na kutoa asidi, nayo asidi huyeyusha madini ya jino. Ukiwafungia bakteria wachache waliosalia chini ya saruji isiyovuja, wanakosa chakula, na tabaka la ndani lililoanza kulegea linaweza kukaza tena. Kumbe kuchonga sana kulikuwa kunaondoa jino ambalo lingepona. Njia hiyo ilijaribiwa Thailand mwaka 1991, baadaye Zimbabwe, na tarehe 7 Aprili 1994, Siku ya Afya Duniani, Shirika la Afya Duniani likaitangaza kwa mataifa. Leo hutumika hata kwa watoto na wazee wa nchi tajiri. Elimu hiyo ilitoka kwenye vijiji vyetu.

Shule ya umma hufanya hivyo: humchukua mgonjwa asiyeweza kulipa na kumfanya chanzo cha sayansi. Kliniki ya binafsi haiwezi kulaumiwa kwa kutofanya hivyo, kwa sababu lazima ilipe pango na mishahara. Sisi hatuna udhuru.

Wala kazi haiishii kinywani. Nendeni Arusha, Kilimanjaro na Manyara mkawaone vijana wanaocheka huku wamejiziba mdomo kwa kiganja. Meno yao yamepata rangi ya kahawia tangu utotoni kwa madini ya floraidi yaliyozidi katika maji yanayopita kwenye miamba ya volkano, na wakati mwingine kwa magadi yanayolainishia maharage na makande. Shirika la Afya Duniani linashauri floraidi isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na viko visima katika ukanda huo vinavyozidi kiwango hicho mara kadhaa. Daktari mmoja anaweza kung'arisha meno ya kijana mmoja. Ili mdogo wake asipatwe, lazima daktari huyo akae meza moja na mhandisi wa maji, na apime kisima kabla ya kupima jino. Mtaala usiomfundisha hivyo, mimi nauhesabu haujakamilika.

Nawauliza wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanataka kufanya nini, na wengi hujibu kunyoosha meno, mjini. Siwalaumu, huduma hiyo inahitajika, na kijana ana wazazi wa kuwatunza. Lakini kwa miaka mitano ya masomo huwa tunawaonyesha viti vya mjini peke yake. Katika vituo vingi vya wilaya, jino linalouma bado huishia kwenye koleo, kama langu.

Kwa hiyo naiomba Seneti ya Chuo iridhie kwamba asihitimu mtu kabla ya kukaa muhula mzima katika kituo cha afya cha kijijini, na kwamba mtihani wake uhesabu meno aliyoyaokoa, si aliyoyang'oa. Kila mmoja apewe kisanduku chenye kioo, vijiko, patasi ndogo, pamba na saruji. Meza ya kituo itavutwa karibu na dirisha, mgonjwa atalala uso ukielekea kwenye mwanga, na mwanafunzi atakaa nyuma ya kichwa chake. Mwalimu wa kwanza kwenda nao nitakuwa mimi.