Chuma Ndani ya Moyo: Juu ya Ushirika wa Tabibu, Mhunzi na Tajiri



Ada ya mhadhara wa kukikalia kiti cha uprofesa ni kwamba mwenye kukikalia awaeleze watu wasioisoma elimu yake ina manufaa gani kwao. Na mimi, ambaye kazi yangu ni kuchunguza jinsi madini yanavyochoka na kuvunjika, nimeona heri nisiyatafute manufaa hayo katika madaraja wala reli wala mabomba, ijapokuwa huko nako yako tele, bali niyatafute mahali pafinyu mno ambapo mkono wa binadamu umepata kutia chuma, yaani ndani ya moyo wa mtu aliye hai. Huko ndiko tabibu, mhunzi na tajiri walikokutana kwa lazima, kwa kuwa hapana hata mmoja wao aliyeweza kufika peke yake. Na huko ndiko ilikodhihirika, mara kwa faida na mara kwa msiba, ni sharti gani la ushirika wao ambalo lisiposhikwa hugharimu roho za watu.

Maradhi yaliyowakutanisha tunayajua vyema Afrika Mashariki. Mtoto huugua koo kwa vijidudu viitwavyo streptokoki. Koo hupona, walakini kinga ya mwili, iliyokwisha kuamshwa kupigana na vijidudu hivyo, huweza kukosea adui ikaugeukia mwili wenyewe, maungo yakavimba na kuuma, na ndiyo homa ya baridi yabisi, ambayo kila irudipo huacha kovu katika milango ya moyo, ile ambayo waganga wa leo huiita vali. Mlango ulio upande wa kushoto, baina ya chumba cha juu na cha chini, uitwao mitrali, ndio aghalabu huumia zaidi: mbawa zake, ambazo asili yake ni nyembamba na laini, huwa nene zikagandamana, damu isipite sawasawa au ikarudi ilikotoka, hata msichana wa miaka kumi na sita akawa hawezi kupanda ngazi pasipo kutweta. Sindano ya penisilini ya kila wiki tatu au nne huizuia homa isirudi, nami nasema wazi mbele ya wenye hazina kwamba shilingi ya kwanza ya umma iende kwenye sindano hiyo kabla haijaja kwenye karakana yangu. Lakini mlango uliokwisha kuharibika kabisa hauponi kwa sindano, na wenye milango ya namna hiyo ndio wanaofika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili, na Taasisi ya Moyo ya Uganda pale Mulago, kungoja kufunguliwa kifua.

Mwaka 1958 mhandisi mmoja aliyestaafu, Miles Lowell Edwards, mzee wa miaka 60 aliyepata mali yake kwa kubuni pampu za mafuta ya ndege, alikwenda Portland katika jimbo la Oregon, Marekani, kumwona tabibu kijana wa upasuaji aitwaye Albert Starr. Edwards mwenyewe aliugua homa ya baridi yabisi ujanani mwake, na muradi wake ulikuwa kuunda moyo mzima. Starr, aliyejua haja ya mgonjwa inabana wapi, akamshauri waanze na mlango mmoja. Mlango wao wa awali, wenye mbawa mbili, uliwaua mbwa wa majaribio kwa kugandisha damu, wakauacha, wakatengeneza kizimba kidogo chenye gololi ya mpira wa silikoni ndani yake, ambayo damu ikija huisukuma na kupita kandokando, na ikitaka kurudi huikandamiza ikaziba tundu. Mgonjwa wa kwanza, Agosti 1960, alifariki siku ile ile. Wa pili, mwanamume wa makamo aliyepasuliwa Septemba, aliishi miaka kumi zaidi, akafa kwa kuanguka ngazini alipokuwa akiipaka rangi nyumba yake. Na kwangu mimi hapana sifa ya kazi ile iliyo kubwa kuliko hiyo, kwamba mtu aliyekuwa akitweta kitandani alirudi kuwa mtu wa kupanda ngazi.

Niruhusuni nikae kidogo juu ya kizimba chenyewe, maana hapo ndipo elimu yangu inapoanza kusema. Kizimba kile kilikuja kusubiwa kwa mseto wa kobalti, kromiamu na molibdeni uitwao Stellite 21, ambao hauli kutu katika damu wala hauudhi mwili. Namna ya kuusubu ni ya kale mno: hutengenezwa mfano wa nta, ukapakwa udongo wa kauri tabaka juu ya tabaka hata ukawa kalibu; kalibu ikatiwa motoni, nta ikayeyuka na kutoka, na pale ilipokuwa nta yakamiminwa madini; kisha kalibu ikavunjwa, na kizimba kikatoka hali ni kipande kimoja kisicho kiungo mahali popote. Baada ya hapo hung'arishwa kwa subira kubwa, kwa sababu damu hugandia penye mkwaruzo, na bonge la damu likitoka moyoni likapanda kichwani humpoozesha mtu. Kipande kimoja kisicho kiungo: nawaomba mlishike neno hilo.

Kasoro iliyoonekana baadaye haikuwa ya kizimba, ilikuwa ya gololi. Katika baadhi ya wagonjwa mpira ulinywa mafuta ya damu, ukavimba, ukapasuka. Habari za gololi hizo zilichapishwa katika majarida ya utabibu, zikasomwa na wapasuaji waliokuwa wakiutumia mlango huo. Pishi la mpira likabadilishwa katikati ya miaka ya 1960, na wagonjwa waliotiwa milango Portland wakaendelea kufuatwa mwaka baada ya mwaka na kuandikwa hali zao. Hivyo kasoro iliyoua watu ikageuka kuwa maarifa ya kuwaokoa wengine, na mlango ule ukaendelea kuuzwa hata karne mpya.

Moyo upigao mara 72 kwa dakika hufunga kila mlango wake mara milioni 38 hivi kwa mwaka. Twaa waya mwembamba uupinde huku na huku kwa vidole: mara ya kwanza hauonyeshi jambo, wala ya pili, kisha ghafula unakatika, ingawa hakuna nguvu mpya iliyotumika. Huo ndio uchovu wa madini. Huanzia penye dosari ndogo isiyoonekana kwa macho, tundu la hewa au ufa wa unywele, ukaongezeka kidogo kwa kila pigo. Na dosari za namna hiyo hupendelea kukaa penye lehemu, ambapo madini yaliyeyushwa yakaganda upya kwa haraka.

Sasa nieleze msiba. Profesa Viking Björk wa Stockholm, mpasuaji mwenye jina kubwa, na mhandisi Donald Shiley wa California walibuni mlango ambao badala ya gololi una kisahani kinachoinama na kurudi, kikishikwa na miguu miwili ya waya. Ulikuwa mlango mwema. Mwaka 1979, mwaka ule ule ambao kampuni ya Shiley ilinunuliwa na Pfizer, ikatolewa kwa kuuzwa Marekani aina mpya ambayo kisahani chake kilibadilishwa umbo ili damu ipite kwa wepesi zaidi isigande, nayo nia hiyo ilikuwa njema. Katika aina hiyo mguu mmoja ulichongwa pamoja na pete, na wa pili ukalehemiwa juu ya pete kwa ncha zake mbili. Mguu wa kulehemiwa ndio uliovunjika. Ncha moja ilikatika kwanza, kimya, mgonjwa asijue. Ya pili ilipofuata kisahani kilichopoka, damu ikarudi bila kizuizi, na mgonjwa akawa na saa chache tu za kuwahi meza ya upasuaji. Milango 86,000 hivi ilitiwa katika mioyo ya watu duniani kabla haijaondolewa sokoni mwaka 1986. Iliyojulikana kuvunjika imepita 600, na thuluthi mbili hivi ya waliovunjikiwa walikufa.

Mguu wa kwanza ulivunjika wakati wa majaribio, mwaka 1978, kabla mlango haujapata idhini ya serikali ya Marekani. Taarifa iliyotolewa na kamati ndogo ya Bunge la nchi hiyo mwaka 1990 ilieleza kwamba kampuni ilimwomba profesa asichapishe hesabu za miguu iliyovunjika, na ikalaumu namna kazi ya kulehemu ilivyosimamiwa na kuwekewa kumbukumbu. Mwaka 1994 Pfizer ilikubali kuilipa serikali dola milioni 10.75 kumaliza madai kwamba idhini ilipatikana kwa maelezo yasiyo ya kweli. Sisemi haya kwa kuwachukia wafanyabiashara. Nasema kwa sababu mimi ni mtu wa madini, nami najua kwamba lehemu mbaya ni jambo la kawaida katika karakana yoyote ya dunia, na mhunzi mwema hulehemu vibaya mara nyingi kabla hajalehemu vizuri. Kisichokubalika kwa hali yoyote ni kwamba mwanachuoni mwenye hesabu ya vifo mkononi aliombwa na mshirika wake wa tijara anyamaze, wakati kila mwezi wapasuaji wa mbali, wasiojua lolote, walikuwa wakiendelea kuitia milango ile katika vifua vya wagonjwa waliowaamini.

Dawa ya kiufundi ilikwisha kupatikana wakati mlango ule wa lehemu ungali ukiuzwa: kuuchonga mlango mzima, pete na miguu, katika kipande kimoja cha madini kisicho lehemu, kama vile kizimba cha Edwards kilivyotoka kalibuni bila kiungo.

Ziko habari za furaha za ushirika huu, nazo ni nyingi kuliko za msiba. Jack Bokros, mtaalamu wa kufunika fueli ya nyuklia kwa tabaka la kaboni ngumu huko San Diego, alisoma maandishi ya mpasuaji Vincent Gott juu ya kaboni isiyogandisha damu, akawasiliana naye. Na kutokana na mawasiliano baina ya watu wawili wa fani zisizojuana ikatoka kaboni ambayo tangu mwaka 1977 hutengenezewa milango ya mbawa mbili, ile ambayo sasa ndiyo ya kawaida katika mahospitali yetu. Julio Palmaz, aliyetafuta njia ya kuizuia mishipa ya moyo isizibe tena baada ya kupanuliwa, alipata umbo la chombo chake katika kipande cha wavu wa chuma wa kushikia lipu, kilichoachwa na fundi katika banda la gari nyumbani kwake. Makampuni yalimkataa, na aliyetoa dola 250,000 za majaribio alikuwa Phil Romano, mwenye mikahawa wa San Antonio. Tajiri wa mikahawa aliona kile ambacho wenye viwanda hawakukiona, nami kila nikumbukapo hilo huwaheshimu zaidi watu wa biashara wenye ujasiri wa kutoa mali yao kwa jambo lisilo na dhamana.

Na kwetu je? Chuo Kikuu cha Cape Town kimekwisha kuzaa kampuni inayobuni milango ya kuingizwa kwa mrija, ikiwakusudia hasa wagonjwa wa baridi yabisi wa bara hili. Sisi hatujafika huko, wala sioni aibu kusema hivyo. Shirika la uhandisi la TEMDO kule Arusha hutengeneza vitanda vya hospitali. Mafundi wa Gerezani, Dar es Salaam, na wa Kamukunji, Nairobi, wana mikono ambayo mhandisi yeyote mwenye insafu angeitamani. Tunachokosa kati ya mikono ile na wodi za wagonjwa ni mahali pa kupimia uchovu wa madini, mashine ya kukipinda kipande mamilioni ya mara usiku na mchana hata kivunjike, na mtu wa kuandika kilivunjikia wapi. Maabara yangu itaanza na miguu ya vitanda na vyuma vya kuungia mifupa, na haitaona kazi hiyo kuwa duni.

Jambo la pili tunalolikosa ni daftari. Kila aliyetiwa mlango wa madini au kaboni hunywa warfarini maisha yake yote, akipimwa damu mara kwa mara, maana dawa ikizidi hutoka damu na ikipungua damu huganda; mama anayekula mchicha na kisamvu kwa wingi wiki moja na kuviacha wiki ifuatayo huona kipimo chake kikiyumba, kwa kuwa vitamini ya mboga hizo hupingana na dawa; na msichana anayetaka kuzaa hukabiliwa na uamuzi mzito, kwani dawa hiyo huweza kumdhuru mtoto tumboni. Watu hawa watawanyikapo, mmoja Kigoma, mmoja Pemba, mmoja Gulu, huenda asiwepo atakayejua ni mlango wa aina gani ulio kifuani mwa nani. Msiba wa lehemu ulipotokea, kazi iliyokuwa ngumu kuliko zote ilikuwa kuwatafuta wenye milango ile ulimwenguni. Nataka daftari moja la Afrika Mashariki, lenye namba ya kila mlango, likitunzwa na vyuo pamoja na hospitali, wala lisiwe mali ya muuzaji.

Ombi langu la mwisho ni kwa Baraza la Chuo, na ni la sheria. Mikataba yetu na makampuni huandika kwa wino mwingi nani atamiliki uvumbuzi na faida itagawanywaje, nami sipingi, maana tajiri aliyetia mali yake ana haki yake. Lakini naomba kila mkataba utakaotiwa sahihi tangu leo uwe na kifungu kisemacho kwamba chombo chochote kilichofanyiwa utafiti hapa kikivunjika, katika majaribio au ndani ya mgonjwa, mtafiti wetu atakuwa na haki ya kuitoa habari hiyo kwa hospitali zote zinazokitumia ndani ya siku thelathini, pasipo kuomba ruhusa ya mshirika yeyote, na kwamba mkataba usiokubali kifungu hicho chuo kitaukataa hata ukija na fedha nyingi kiasi gani. Rasimu yake nimeiandika kwa msaada wa wenzangu wa Kitivo cha Sheria, nayo nitaikabidhi kwa Katibu wa Baraza jioni hii.