Jina Lako Kazini

Masomo: 2 Wakorintho 3:1-3, Matendo ya Mitume 9:36-42

Asubuhi hii twataka kusema nanyi juu ya jambo linalowasumbua vijana wengi, na wazazi wao pia. Nalo ni jina la mtu mahali pa kazi.

Siku hizi vijana huambiwa, "Usingoje kujulikana. Jitangaze! Tengeneza jina lako kama mwenye duka atengenezavyo alama ya bidhaa zake. Weka picha yako na sifa zako kwenye LinkedIn, waajiri wakuone." Wengine wetu makanisani tukisikia hayo hutikisa kichwa na kusema ya kuwa hicho ni kiburi. Lakini yuko kijana aliyemaliza chuo miaka mitatu iliyopita, naye bado anakula kwa mama yake. Yeye anauliza swali la haki: "Nikinyamaza, ni nani atakayejua ya kuwa nipo?" Tusimjibu kwa haraka.

Wazee wetu walijua uchungu wa kuandikiwa jina na mtu mwingine. Sheria ya kipande ilipitishwa hapa Kenya mwaka wa 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Mwanamume Mwafrika alitakiwa kukichukua kipande chake kila aendapo, na wengi walikivaa shingoni ndani ya kikopo cha bati. Humo mliandikwa jina lake, alama za vidole vyake, kazi aliyoifanya na mshahara wake. Bwana wake asipotia sahihi ya kumwachilia, ilikuwa shida kuajiriwa kwingine. Mtu alitembea na habari zake shingoni, wala yeye mwenyewe hakuwa na neno lo lote ndani yake.

Leo mambo yamegeuka. Habari zetu twaziandika wenyewe kwa simu, na hakuna wa kutia sahihi. Twamshukuru Mungu kwa uhuru huo, lakini nao una jaribu lake. Mwezi wa Februari 2024, Tume ya Utumishi wa Umma ilitangaza ya kwamba ukaguzi ulikuwa umefichua vyeti vya bandia zaidi ya 2,000 kati ya watumishi wa serikali na mashirika yake. Tusidhani ya kuwa wenye vyeti hivyo wote walikuwa wageni katika nyumba za ibada.

Hapa twaungama kosa letu wenyewe. Kijana mmoja wa ushirika wetu alitujia. Alikuwa akitafuta kazi ya kutunza fedha katika duka la jumla, akaomba barua ya mchungaji. Tukaandika upesi: ni mwaminifu, ana bidii, twamjua tangu utoto wake. Baada ya siku chache mwenye duka akapiga simu. "Barua yenu nimeisoma," akasema. "Nawauliza neno moja tu. Huko kanisani, huyu mmewahi kumpa ufunguo wa sanduku la sadaka?"

Tulinyamaza. Hatukuwahi kumpa, wala si kwa sababu alikuwa mwizi. Hatukuwahi kumpa kazi yo yote! Kila Jumapili aliketi benchi la nyuma, nasi tukamwita mwaminifu kwa kuwa hakutusumbua. Kazi ile hakuipata. Barua yetu ilikuwa na maneno mazuri, lakini ndani ilikuwa tupu, na aliyelipa ni yeye.

Mtume Paulo aliyajua mambo ya barua. Alipowaandikia Wakorintho aliwaambia ya kwamba yeye hakuhitaji kuletewa barua ya sifa, kwa maana wao wenyewe walikuwa barua yake. Ye yote aliyetaka kujua kazi ya Paulo, na aende Korintho akawaone watu waliobadilika. Lakini Paulo hakudharau kumtambulisha mtu. Soma Warumi mlango wa 16, utaona jinsi alivyomtambulisha Fibi. Hakumsifu hivi hivi. Alitaja alilolitenda: ya kuwa amewasaidia wengi, hata Paulo mwenyewe.

Kisha tazama Dorkasi wa Yafa. Alipokufa, na Petro alipofika, wajane walisimama karibu naye wakilia. Walimwonyesha kanzu na nguo alizozishona Dorkasi alipokuwa pamoja nao. Nguo zenyewe zikasema habari zake.

Basi, kijana msikilizaji, usione haya kusema kazi uliyoifanya. Ikiwa umetengeneza pampu za maji, sema ni ngapi na ni wapi. Kuficha kipawa ulichopewa na Mungu si unyenyekevu. Lakini sema kama wajane wa Yafa: onyesha nguo. Fundi wa cherehani hana haja ya kuandika mlangoni kwamba yeye ni hodari. Hulitundika gauni alilolishona, na wapitao hujionea. Na kabla ya kuandika neno moja juu yako, jiulize: ni nani atakayenishuhudia katika hili? Kama hayuko, liache. Na kama huna kazi ya kutaja, anza na ndogo iliyo karibu. Tunza daftari la kikundi cha akina mama. Rekebisha madawati ya shule ya Jumapili. Ifanye mpaka mwisho, tena mbele ya watu.

Nanyi wazee wa kanisa, pamoja nasi, tusiwaambie vijana wawe na jina jema huku tumewafungia kila mlango ambamo jina hilo lingepatikana. Mithali 22:1 yatufundisha ya kuwa jina jema lapita mali nyingi. Lakini jina jema halipatikani kwa kuketi benchi la nyuma.

Yule kijana tulimwita tena, tukamwomba atusamehe. Tukamweka pamoja na mtunza hazina, wahesabu sadaka wote wawili na kuandika katika kitabu. Alifanya hivyo mwaka mzima. Alipoomba kazi mahali pengine, tulimwandikia barua ya pili, nayo ilikuwa fupi sana. Tulisema amehesabu sadaka pamoja nasi kwa muda wa mwaka mmoja, na kila Jumapili hesabu ilikuwa sawa. Safari hii hatukuiogopa simu.

Tuombe. Ee Bwana, wewe wajua majina yetu kabla hayajaandikwa po pote. Wakumbuke leo wanaotafuta kazi, na wale waliokata tamaa. Utulinde tusijisifu kwa uongo, wala tusiwanyime wengine ushuhuda wa kweli. Tupe kazi ya kufanya, na mioyo ya kuifanya vema, hata pale asipotuona mtu ila wewe. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.