MAZUNGUMZO: KUPANGA BEI YA KAZI YA KUKATA MAJANI MITAANI

Kwa Watumishi wa Serikali na Wakaazi Wote



Mazungumzo haya yanahusu kazi ambayo wengi huiona ndogo, nayo ni kazi ya kijana anayepita mitaani na mashine yake ya kukatia majani, akabisha hodi na kuuliza kama ua wa nyumba unahitaji kusafishwa. Kazi hiyo ina pande mbili. Upande mmoja yupo kijana mwenyewe, anayetafuta riziki ya halali. Upande wa pili yupo mtumishi wa Serikali au mkaazi anayempa kazi, kwa kuwa yeye ndiye anayejadiliana naye bei mlangoni. Bei ikikosewa, hasara huwafikia wote wawili, ingawa haiwafikii siku moja.

Mfano unaochukuliwa ni wa Kariakoo, Dar es Salaam. Huko ndiko vijana wa Visiwani wanaovuka bahari kutafuta kazi hufikia, na huko ndiko hununuliwa mashine na vipuri ambavyo baadaye husafirishwa kuja Unguja na Pemba. Hesabu ya Kariakoo, kwa hiyo, inafaa pia Kikwajuni na Chake Chake.

Kariakoo yenyewe haina majani mengi ya kukata. Jina lake linatokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, ambacho kilipiga kambi hapo baada ya Waingereza kuuteka mji mwaka 1916. Baadaye eneo hilo likajengwa nyumba za Waafrika katika viwanja vidogo, na uani mwake pakawa mahali pa kupikia na kufulia. Wakoloni wakaacha uwanja wazi wa Mnazi Mmoja uwe mpaka baina ya eneo hilo na mitaa ya biashara. Nyumba zenye nyua pana zilizoota ukoka zilijengwa kwengine, kama vile Upanga na Oyster Bay. Ndiyo maana mkata majani anayekaa Kariakoo huianza siku yake kwa safari, akiwa na mashine, galoni la petroli na reki. Safari hiyo ni sehemu ya kwanza ya gharama, nayo ndiyo inayosahauliwa kwanza.

Zamani suala la bei halikuachiwa muuzaji peke yake. Mwaka 1973 ilitungwa sheria ya kudhibiti bei huko Tanzania Bara, ikaanzishwa Tume ya Taifa ya Bei, na bidhaa nyingi zikapangiwa bei rasmi. Katika miaka ya 1980 udhibiti huo ulilegezwa hatua kwa hatua, na mzigo wa kupiga hesabu ukarudi kwa mwenye biashara. Wapo waliojifunza haraka. Wapo pia ambao hadi leo hupanga bei kwa kumwangalia jirani tu: jirani akisema 12,000, wao husema 10,000.

Hapana budi kueleza kwa nini njia hiyo ni ya hatari. Muuza nyanya wa Kariakoo huona kwa macho yake tenga likipungua. Jioni likiwa tupu, anajua kuwa sehemu ya fedha zilizomo mfukoni si zake, bali ni za kununulia tenga la kesho. Mkata majani hana tenga la kumkumbusha. Jioni mashine yake ingalipo, imesimama ukutani kama ilivyokuwa asubuhi. Lakini kwa kweli naye ameuza kitu: ameuza kipande cha mashine. Kila ua anaoukata unaondoka na kipande kidogo cha mashine hiyo, na asipolipwa bei ya kipande hicho, siku moja mashine itakuwa imekwisha na fedha za kununulia nyengine hazipo.

Ufuatao ni mfano wa hesabu. Tarakimu zake ni za kufundishia tu, na kila mtu ataweka zake kwa mujibu wa bei za siku hiyo. Ichukuliwe kuwa mashine imenunuliwa kwa shilingi 600,000 na inatarajiwa kukata nyua 300 kabla ya kuchakaa. Kila ua utabeba shilingi 2,000 za mashine. Petroli ya ua mmoja iwe shilingi 3,000. Oili, plagi, kunoa kisu na ujira wa fundi viwe shilingi 1,000. Usafiri wa mashine kwenda na kurudi uwe shilingi 2,000. Jumla ni shilingi 8,000, na mkata majani bado hajajilipa hata senti moja. Iwapo kwa siku anaweza kumaliza nyua mbili, na anahitaji shilingi 14,000 za kuishi yeye na jamaa zake, kila ua utamlipa shilingi 7,000. Bei ya haki inakuwa shilingi 15,000.

Sasa aangaliwe yule aliyesema 10,000. Akishalipa petroli na usafiri hubaki na shilingi 5,000 mkononi, akadhani amepata 5,000. La hasha. Shilingi 3,000 kati ya hizo ni za mashine, oili na fundi. Yeye mwenyewe amepata 2,000 kwa kazi ya nusu siku juani. Akizila zote 5,000, baada ya nyua 300 atakuwa amekula mashine nzima.

Jambo jengine ni majira. Katika masika, kuanzia Machi hadi Mei, na katika vuli, kuanzia Oktoba hadi Disemba, majani huota kwa kasi na kazi huwa tele. Kiangazi kikifika ukoka hudumaa, na wateja huita kwa nadra. Kodi ya chumba, hata hivyo, haidumai. Kwa hiyo ni busara kuongeza akiba kidogo katika kila kazi ya msimu wa mvua, kwa mfano shilingi 3,000, na bei ikawa 18,000. Mteja anayeona kuwa hizo ni nyingi anayo njia nzuri ya kuzipunguza, nayo ni kufanya mapatano ya mwaka mzima, kwa malipo sawa kila mwezi, kiangazi na masika. Mteja wa namna hiyo amemwondolea mkata majani hofu ya kiangazi, na ni haki yake kukatiwa kwa 15,000. Hayo ndiyo mapatano yanayomfaa kila upande.

Inafaa pia kuzingatia kipimo. Bei isipangwe kwa saa, kwani mwenye mashine kali na mkono mwepesi ataadhibiwa kwa wepesi wake. Wala isipangwe kwa ukubwa wa nyumba au gari la mwenyewe, kwani huko ni kubahatisha na kunavunja uaminifu. Bei ipangwe kwa eneo. Ua upimwe kwa hatua, urefu kwa upana, kisha yaangaliwe mambo matatu: urefu wa majani, wingi wa mawe na miti, na nani atakayezoa na kutupa majani yaliyokatwa. Majani yaliyofika magotini kwanza yafyekwe kwa kwanja, na hiyo ni kazi ya ziada yenye bei yake. Yote haya yasemwe kabla mashine haijawashwa.

Bei ya petroli nayo haikai mahali pamoja. EWURA kwa upande wa Bara na ZURA kwa upande wa Zanzibar hutangaza bei za mafuta kila mwezi. Mkata majani azisikilize kama baharia anavyosikiliza habari za upepo, na bei ikipanda sana amwarifu mteja wake mapema kwa lugha nzuri.

Watumishi wa Serikali wanaombwa kulitafakari neno moja. Mtumishi hupokea mshahara wake mwezi mzima, mvua inyeshe au jua liwake, na vifaa vya ofisini havikatwi katika mshahara huo. Mkata majani hana hayo. Mtumishi anayempunguza kijana hadi 10,000 na kujisifu kwa majirani hajapata nafuu. Mwaka ukigeuka, kijana yule hatarudi kwa kuwa hana mashine, na atakayekuja ni mgeni asiyejua bomba la maji limepita wapi.

Kwa muhtasari, yafaa yafuatayo yashikwe:

(a) Kila mkata majani awe na daftari, kwani mali bila daftari hupotea bila habari.

(b) Fedha za mashine zitengwe siku hiyo hiyo, kabla ya fedha za chakula.

(c) Ua upimwe na bei itajwe kabla ya kazi, pamoja na suala la kuzoa majani.

(d) Mteja anayetaka bei nafuu atoe uhakika wa kazi, asiombe hasara ya mwenzake.

(e) Malipo yatolewe kazi inapomalizika, bila ya "njoo kesho".

Kazi ya kukata majani haihitaji cheti wala ofisi. Inahitaji mashine nzima, mkono wa bidii na hesabu ya kweli. Viwili vya mwanzo vijana wengi wanavyo. Cha tatu kinaweza kufundishwa katika muda wa jioni moja, na ni wajibu wa kila mzazi, mwalimu wa skuli na sheha kukifundisha.