Kemia ya Shuleni na Betri Kuukuu



Wazazi wengi husema kemia ni ya kupita mtihani tu. Hebu tutazame Owino Uhuru, Mombasa. Mwaka 2007 kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari kilianza kazi kando ya nyumba za watu. Moshi na maji machafu vikaleta madini ya risasi hadi majumbani. Risasi huingia kwenye damu na kudhuru ubongo wa mtoto, na dawa haiurudishi. Kiwanda kilifungwa 2014. Mwaka 2020 mahakama iliamuru fidia ya shilingi bilioni 1.3, Mahakama ya Rufaa ikaifuta, Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024. Na majirani wa kiwanda kile walikuwa akina nani? Si matajiri, jamani.

Mwaka 1998 wanakemia Paul Anastas na John Warner waliandika kanuni 12 za kemia isiyochafua. Ya kwanza: afadhali kuzuia taka isitokee kuliko kuisafisha baadaye. Mwalimu wa sekondari aweza kuifundisha kwa betri moja tu, bila kuipasua. Wanafunzi waulize: ndani mna nini? Sokoni kwetu nani huzivunja, na asidi humwagwa wapi? Vikundi, pelekeni ombi hili kwenye bodi ya shule kabla muhula haujafungwa.