Hati Katika Chombo cha Udongo: Ardhi na Tumaini la Manabii

(Mazungumzo kwa viongozi wa jumuiya ndogo ndogo, Unguja)



Katika sura ya 32 ya kitabu cha nabii Yeremia tunasoma habari za mauziano ya shamba. Ilikuwa karibu na mwaka 587 kabla ya Kristo. Yerusalemu ulikuwa umezingirwa na majeshi ya Babeli, na nabii alikuwa amefungwa katika uwanda wa walinzi kwa kuwa alisema wazi kwamba mji utaanguka. Ndipo Hanameli, mtoto wa ami yake, akamjia na kumtaka anunue shamba lililoko Anathothi, maana haki ya kulikomboa ilikuwa yake. Kwa akili za kibinadamu, shamba hilo halikuwa na thamani tena. Hata hivyo, Yeremia alipima shekeli 17 za fedha, akatia sahihi hati, akaita mashahidi, kisha akamwagiza Baruku aziweke nakala mbili, iliyotiwa muhuri na iliyo wazi, ndani ya chombo cha udongo zipate kudumu.

Tuzingatie jambo hili. Nabii hakutoa maneno ya kufariji tu. Alifuata taratibu zote za sheria mbele ya watu. Tumaini lake lilikuwa na bei, mashahidi na mahali pa kutunzwa. Aliwaandikia watakaorudi, ambao yeye mwenyewe hangewaona.

Lakini Maandiko yanajua pia kwamba hati yaweza kutumika kwa uovu. Yezebeli aliandika barua kwa jina la mfalme, akazitia muhuri, na Nabothi akapoteza uhai wake na shamba lake. Isaya na Mika waliwakemea waliojilimbikizia nyumba na mashamba hata wanyonge wakakosa pa kukaa. Muhuri peke yake si haki.

Sisi wa visiwa hivi tunalijua hilo. Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa mwaka 1873, na amri ya Sultani Hamoud bin Mohammed ya mwaka 1897 iliwawezesha watumwa kudai uhuru wao mahakamani. Wenye watumwa walilipwa fidia. Aliyeachwa huru hakupewa ardhi, bali alitakiwa aonyeshe makao yake na njia ya riziki. Wengi walibaki katika mashamba yale yale, wakiishi kwa hisani ya mwenye shamba. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 ardhi ilitaifishwa, na familia nyingi zikagawiwa eka tatu tatu. Wapo waliopata kwa mara ya kwanza mahali pa kulima. Wapo waliopoteza nyumba za wazazi wao na kuondoka. Machozi ya pande zote mbili yangali katika kumbukumbu za familia zetu, na haifai kuyadharau ya upande wowote.

Kwa sheria ya mwaka 1992, ardhi ya Zanzibar ni mali ya umma, na mwananchi hupewa haki ya kuitumia. Hata hivyo, mara nyingi haki hiyo hutegemea neno la mzee. Mzee akifariki, mjane huulizwa karatasi asiyokuwa nayo. Huko Nungwi, Kiwengwa na Paje, ambako mahoteli yamepandisha thamani ya pwani, neno lililotosha baina ya majirani halitoshi tena. Mjini Mkongwe nako, nyumba yenye warithi wengi, wengine wakiwa Oman au Uingereza, hukosa wa kuitengeneza, na mvua hubomoa kuta zake za mawe na chokaa.

Basi yatupasa nini? Kwanza, tuandike mauziano na urithi tungali hai, mbele ya mashahidi, na nakala zihifadhiwe mahali pawili. Katika hili tuko pamoja na ndugu zetu Waislamu, ambao dini yao pia inahimiza kuandika madeni kwa mashahidi. Pili, majina ya wake na mabinti yasifichwe. Tatu, tusikubali kushuhudia hati ambayo hatukusomewa, wala inayomnyang'anya mnyonge.

Yeremia hakulilima shamba lile. Alichoacha ni hati safi, iliyofanywa mchana kweupe. Nasi tuwaachie watoto wetu hati wasizopaswa kuzionea haya.

Maswali ya kujadili:
1. Katika jumuiya yetu, ni nani anayeishi bila uthibitisho wa makao yake?
2. Je, tumewahi kunufaika kwa hati iliyomdhulumu mwingine? Tufanye nini?