Albamu Tuliyoiweka Mikononi mwa Bwana

Wengi mnatuuliza iko wapi albamu tuliyoahidi kuizindua leo. Pesa za studio zilikuwa tayari, kisha mwenzetu wa alto akalazwa hospitalini na bili ikapanda. Tukakesha tukiomba. Kusema kweli, baadhi yetu tulimwomba Mungu amponye bila sisi kugusa zile pesa. Usiku huo tukasoma Matendo 16: Paulo alitaka kwenda Bithinia, Roho akamzuia, na safari ikamfikisha gerezani Filipi, akiimba pamoja na Sila usiku wa manane. Kulipokucha tukazitoa zote. Leo dada yetu anaimba nasi, ingawa ameketi. Albamu tumemwachia Bwana, na tarehe yake pia.