Kutoka Lango la Konstantinopoli hadi Kuba ya Houston

Juu ya lango kuu la kasri la wafalme wa Bizanti mjini Konstantinopoli, ambao leo ni Istanbul, iliwekwa taswira ya Kristo. Lango liliitwa Chalke, yaani la shaba. Katika mzozo wa karne ya 8 na ya 9 kuhusu picha takatifu taswira iliondolewa, pakawekwa msalaba wenye beti zilizotaja majina ya wafalme. Baada ya mwaka 843, wapenzi wa picha waliposhinda, uso ule ulirudi. Mwenye kasri ndiye aliyeamua nani akae langoni.

Lango hilo halipo tena. Lakini swali la nani ana haki ya kubandua uso mtakatifu lilibisha hodi hata Houston, jimboni Texas.

Mwaka 1983 Dominique de Menil, tajiri na mlezi wa sanaa mjini humo, alioneshwa picha za Kibizanti za karne ya 13 zilizokuwa zikiuzwa Ulaya. Zilikuwa vipande 38. Wezi walizikata kutoka kanisa dogo la Lysi, kaskazini mwa Cyprus, baada ya majeshi ya Uturuki kuingia kisiwani mwaka 1974. Kubani alikuwamo Kristo Mwenyezi akizungukwa na malaika. Nyuma ya altare, Bikira Maria.

Mnunuzi mwingine asingeuliza zimetoka wapi. Yeye aliuliza. Jibu lilipopatikana, alizinunua kwa niaba ya Kanisa la Cyprus na kugharimia ukarabati, nalo likaridhia zikae Houston kwa muda. Mwaka 1997 zilifunguliwa kwa umma katika jengo alilolisanifu mwanawe, François. Ndani yake vioo vilivyofifia vilifuata umbo la kanisa la Lysi, mithili ya kivuli cha nyumba iliyo mbali.

Kwa Wamijikenda wa pwani ya Kenya, ambao vigango vya wazee wao viling'olewa na kuuzwa hadi Marekani, kisa hiki si kigeni.

Machi 2012 kanisa lilifungwa, picha zikarejeshwa Cyprus. Hata hivyo, hazikufika Lysi, ambayo ingali upande unaodhibitiwa na Waturuki. Zimo katika jumba la makumbusho mjini Nicosia, upande wa pili wa mstari unaokigawa kisiwa.